Bado Moja, Sura ya Kumi na Tisa

Jumatatu, 2 Septemba

Mhariri amepiga simu nikiwa na lenzi ya miwani mkononi. Anataka mswada wote — wote! — ifikapo tarehe thelathini. Si sura tano, si muhtasari. Anasema amesoma nilizompelekea na sasa anataka kujua mwisho. Nikamjibu hakuna shida. Mdomo huu!

Shida zipo sitini na tatu. Nina hakika na idadi kwa sababu programu ya kuandikia inanihesabia. Kushoto kwenye kioo sura zimepangana kama mafaili kabatini, katikati karatasi nyeupe, kulia orodha ya viporo. Kila nilipokwama nimechomeka kibendera chekundu na neno moja: BADO. Nikimaliza nabonyeza, kinatoweka. Sura isiyobaki na kibendera hata kimoja inageuka kijani. Sura ni ishirini na nne. Za kijani ni sita.

Watu wakiniuliza hadithi inahusu nini huwa nasema: mama mpiga chapa na binti zake wawili. Nikijiuliza mwenyewe jibu ni hilo hilo, ila majina yanabadilika.

Mpango: kuamka saa kumi na moja alfajiri, kuandika mpaka saa moja, kisha kazini. Viporo viwili kwa siku, vitatu nikipata upepo. Siku ishirini na nane. Hesabu haikatai. Mwili ndio utakaokataa.

Jumatano, 4 Septemba

Leo nimecheka peke yangu mpaka jirani kagonga ukuta. Baba anakufa sura ya saba, anazikwa, watu wanalia — halafu sura ya tisa anapiga mswaki bafuni! Nimeishi na kosa hilo mwaka mzima. Kibendera sikuwa nimeweka hata. Kwa hiyo nimeanza na sitini na tatu, nimefuta vinne, nimeongeza kimoja, nikakifuta. Hamsini na tisa.

Nyingine za leo: paka ni jike sura ya tatu, dume sura ya kumi na moja. Ngazi za nyumba zina vidato kumi na vinne halafu zinabaki kumi na kimoja. Nani kaiba vidato?

Alhamisi, 5 Septemba

Nimefuta kimoja tu. Usingizi.

Jumamosi, 7 Septemba

Siku ya kukumbukwa! Simu nimezima, pazia nimefunga, birika la chai pembeni. Kutoka hamsini na nane mpaka thelathini na moja. Vingi vilikuwa vidogo — rangi ya shati la mpangaji, jina la mtaa, siku ya wiki. Vingine niliviogopa bure. Kwa mfano ile sehemu mama anapowafundisha mabinti kupiga chapa kwa kuwafunika macho kwa kitambaa. Niliandika BADO nikidhani itanichukua wiki. Imenichukua nusu saa. Vidole vilikumbuka kabla yangu.

Mama alikuwa hivyo kweli. Alikuwa mpiga chapa wa mahakama miaka ishirini na sita. Alikuwa anatuambia: jicho likitazama kidole, kidole kinakuwa mjinga.

Sura za kijani: kumi na tano.

Jumanne, 10 Septemba

Leo mchana Mama Fremu kanirudishia sura kumi za mwanzo nilizompa wiki iliyopita. Yeye ndiye anayeuza fremu kule mbele dukani, mimi nasaga lenzi huku nyuma, na tumefanya kazi pamoja miaka kumi na miwili bila kugombana ila kuhusu feni. Jina hilo tunamwita hata mbele ya wateja. Kasoma huku anakula, kila ukurasa una alama ya kidole.

Nilimwambia Mama Fremu kwamba mhariri kasifia. Akasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, basi angalia usije ukatia maji. Halafu akafuta mikono, akaniuliza huyu dada mkubwa alinikosea nini.

Nikamwambia ni mhusika tu.

"Mhusika umemchora kwa makaa," akasema. "Hata mchawi ana siku anayomwogesha mtoto. Huyu wako hana hata siku moja. Na unasema mbele anaondoka mama yake akiwa mgonjwa — kwa nini?"

"Sijafika hapo."

"Mwenyewe unajua?"

Mteja akaingia. Nimshukuru mteja huyo.

Ijumaa, 13 Septemba

Tisa.

Programu ina kitufe cha kupanga viporo kwa tarehe, cha zamani kikae juu. Leo nimekibonyeza kwa mara ya kwanza. Juu kabisa kimekaa kibendera cha miaka miwili iliyopita, wiki ya kwanza kabisa ya kuandika. Sura ya kumi na tisa. "Kwa nini dada aliondoka? BADO."

Nimekipanga upya kwa sura, kikashuka chini. Nikaendelea na vingine.

Jumamosi, 14 Septemba

Kimebaki kimoja.

Sura ishirini na tatu za kijani, na katikati yake nyekundu moja kama jino bovu.

Nimejaribu toka asubuhi. Kwanza nikampa dada mwanamume wa pembeni. Halafu nikampa kazi mji mwingine. Halafu nikamfanya mtu anayeogopa kuona mtu akifa. Halafu hasira tu, hasira ya zamani. Kurasa nne, sababu nne. Zimeandikwa vizuri! Lakini zote zinanuka. Ukisoma unaona mwandishi amesimama nyuma ya mlango anashikilia pumzi.

Niandike hapa basi, kwa kuwa hapa hakuna mhariri.

Dada yangu wa kweli — mkubwa wangu kwa miaka mitano — aliondoka nyumbani kwetu siku ya Jumatatu mama akiwa kitandani na ugonjwa wa mapafu. Tulikuwa tunapokezana, usiku mmoja yeye, usiku mmoja mimi. Jumatatu ile nimetoka kazini nakuta mkoba wake haupo. Mama akaniambia, "Dada yako amechoka, mwache aende." Maneno hayo hayo nimeyaweka kitabuni, sura ya kumi na nane, neno kwa neno. Ijumaa mama akafariki. Simu ya dada imezimwa siku zote hizo. Mumewe alikuwa kwenye kazi ya madaraja mbali, hapatikani.

Kwenye mazishi akatokea. Jua linachoma na yeye amevaa sweta zito, la kijivu, amelifunga mpaka shingoni. Nikaona ni maringo, au ni kichaa. Akaja kukaa mstari wa mbele, karibu nami. Mimi nikasema, na watu wote wanasikia: "Wageni wanakaa kule nyuma."

Akaenda akakaa kule nyuma.

Miaka tisa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi — nilifundishwa hilo nikiwa na umri wa miaka saba, na bado.

Sweta nalo lipo kitabuni. Sura ya ishirini. Ya kijani.

Jumapili, 15 Septemba

Shemeji hunitumia salamu kila mwaka mpya. "Shemeji, heri, tupo wazima." Namjibu kwa adabu, basi. Lakini kwenye moja ya salamu hizo aliwahi kuweka namba ya dada, bila maelezo. Niliihifadhi. Nimeiandika "Fundi bomba" ili nisiione.

Ujumbe wa kwanza: mistari kumi na minane. Nimefuta. Wa pili: mistari sita, nikijieleza. Nimefuta. Wa tatu nimeutuma: "Dada, ni mimi. Nina swali moja."

Dakika arobaini. Nimeosha vyombo safi.

Jibu: "Njoo Jumatano. Shemeji yako anarudi jioni. Njoo mapema."

Jumatatu, 16 Septemba

Nimeomba ruhusa ya Jumatano. Msimamizi kaniuliza kuna msiba? Nikamwambia hapana. Akasema uso wako unasema upo. Nimesaga lenzi za mwalimu mstaafu mara mbili, ya kushoto nimeiweka kulia.

Jumatano, 18 Septemba

Niandike yote kabla hayajachakachuka.

Nyumba yao ni ya chini, mlango wa bluu, maua kwenye makopo ya rangi. Alifungua kabla sijabisha. Amenenepa kidogo. Mvi mbele tu, kama mama. Miwani yake imelegea skrubu ya kulia, na mimi — aibu gani hii! — kitu cha kwanza nilichosema baada ya miaka tisa ni, "Miwani yako imelegea."

Akasema, "Karibu."

Nikatoa bisibisi yangu ndogo kwenye mkoba. Natembea nayo siku zote. Akanipa miwani. Nikakaza skrubu pale pale mlangoni, yeye ananitazama bila kuniona vizuri. Nadhani ndiyo iliyotusaidia. Kila mmoja alikuwa na kitu cha kufanya.

Akatengeneza chai. Tukazungumza kuhusu maua, kuhusu bei ya vitu, kuhusu shemeji ambaye goti linamsumbua. Halafu akaweka kikombe chini.

"Ulisema swali moja."

Nikamweleza kuhusu kitabu. Kwamba kuna mama mpiga chapa na mabinti wawili. Kwamba mkubwa anaondoka na mimi sijui kwa nini. Kwamba nimetunga sababu nne na zote ni za uongo.

"Kwa hiyo miaka tisa hukuniuliza," akasema, "ila kitabu kimekwama ndiyo umekuja."

Nikasema, "Ndiyo."

Akacheka kidogo puani. "Angalau umesema kweli."

Halafu akaanza kusema bila kunitazama, anatazama dirisha.

Alikuwa mjamzito. Mimba ya tatu. Mbili za kwanza ziliharibika mapema, na mara zote mbili shemeji alikuwa amekwisha kupaka rangi chumba cha mtoto. Mara ya pili aliikwangua ile rangi kwa mkono, peke yake, siku nzima. Kwa hiyo ya tatu dada aliapa hamwambii mpaka ivuke miezi mitano. Shemeji alikuwa madarajani kwa mkataba wa miezi sita, ikawa rahisi kuficha. Aliyejua ni mama tu. Mama alijua bila kuambiwa — alimtazama anavyoinama kuokota shuka, akasema, "Umebeba."

Jumatatu ile alianza kutoka damu akiwa anambadilisha mama nguo.

"Nilitaka kukusubiri," akasema. "Mama akakataa. Akaniambia nenda hospitali sasa hivi, na mdogo wako usimwambie. Atagawanyika vipande viwili, na mimi namhitaji mzima. Nikamwambia atanichukia. Mama akasema, nitamwambia umechoka. Akikuchukia kidogo atapona. Baadaye utamweleza."

Wodi ya wanawake, hospitali kuu. Barabara ile ile niliyopita kila jioni kununua dawa za mama! Alilala siku tano. Mtoto hakupona. Wa kiume. Simu iliisha chaji siku ya kwanza na hakuwa na nguvu ya kuomba mtu. Ijumaa muuguzi mmoja anayemfahamu mama akamletea habari. Jumamosi akatia sahihi ya kujitoa mwenyewe, madaktari wanamkataza, akaja mazishini. Alikuwa na homa. Alikuwa anatetemeka kwa baridi kwenye lile jua.

Lile sweta.

"Baadaye utamweleza," akarudia. "Lakini wewe ulikuwa umekwisha kunionyesha pa kukaa."

Nilipiga magoti. Sikupanga. Nilishtukia nimeshika miguu yake pale sakafuni na uso wangu uko kwenye sketi yake, nasema nisamehe dada, nisamehe dada yangu. Hakusema amenisamehe. Aliweka mkono kichwani kwangu na kuuacha hapo. Halafu akasema, "Inuka, chai inapoa," kwa sauti ya mama kabisa, nikalia upya.

Mlangoni nikiondoka akanishika kiwiko. "Yeye hajui. Mpaka leo. Alirudi akanikuta nimenyamaza, akadhani namlilia mama. Nikaona nimwache na kilio kimoja. Ulichokisikia kibaki hapa."

Nikaitikia kwa kichwa.

Niliitikia kwa kichwa!

Alhamisi, 19 Septemba

Nimevunja lenzi mbili. Mama Fremu hakuuliza kitu. Amenisogezea feni upande wangu.

Mama alinidanganya. Mama ambaye hakuwahi kukosea herufi moja kwenye hati ya mahakama. Alinidanganya ili nibaki mzima, na nilibaki mzima, na gharama yake ni dada. Sijui nimkasirikie vipi mtu aliyekufa akiwa ameshika mkono wangu.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimeiandika.

Sikukusudia. Nilikaa saa kumi na moja alfajiri kufuta tu zile sababu nne za uongo. Programu inakuruhusu kuhifadhi sura ilivyokuwa kabla hujaibadilisha, kama picha, ili ukijuta urudi. Nikapiga picha. Nikafuta. Na kwenye ile karatasi nyeupe dada akainama kuokota shuka, na mama kitandani akasema, "Umebeba."

Saa mbili nzima bila kuinua kichwa. Kurasa kumi na moja. Ni sura bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Naweza kusema hivyo hapa. Nimeisoma tena na nywele zimenisimama.

Nikabonyeza kibendera. Kikatoweka. Sura ya kumi na tisa ikageuka kijani na chini ikaandika: viporo, sifuri. Miaka miwili nimeisubiri sifuri hiyo. Nimeifunga kompyuta kama mtu aliyeiba.

Jumamosi, 21 Septemba

Sifuri haikudumu. Kama sura ya kumi na tisa ni kweli, basi kumi na nane nyuma yake zinasema uongo. Yule dada wa makaa. Nimeanza kuzipitia moja baada ya nyingine na kuchomeka bendera. Hapa nimemdhihaki. Hapa nimemnyima neno. Hapa walikuwa wanacheka wote wawili chini ya meza ya taipureta na mimi nimekiacha kicheko chake nje. Mpaka jioni: arobaini na saba.

Ajabu, sikuchoka. Nimemkumbuka.

Jumapili, 22 Septemba

Lakini niliitikia kwa kichwa.

Nimejaribu njia ya panya. Badala ya mimba nikaandika figo. Ugonjwa wa figo, hospitali, siri. Sura ikafa papo hapo. Hakuna mtu anayepaka rangi chumba kwa ajili ya figo.

Nikajaribu kumbadilisha: dada awe binamu, mume awe baharia. Kila aliyewahi kukaa sebuleni kwao atajua ndani ya ukurasa mmoja. Shemeji atajua ndani ya mstari mmoja. Mtu aliyekwangua ukuta kwa mkono wake hasahau ukuta.

Jumatatu, 23 Septemba

Mhariri kapiga. Anauliza maendeleo. Nikamwambia sura ya kumi na tisa imebadilika na imetikisa zote. Akasema nimpelekee hiyo moja tu, aione. Nimeiambatanisha kwenye barua pepe. Nimeandika "Ndugu mhariri, pokea." Kidole kimekaa juu ya kitufe mpaka kioo kikazimika chenyewe.

Sikuituma.

Nimeongeza kibendera kimoja kwenye sura ya kumi na tisa, ikarudi kuwa nyekundu. Nimeandika: "Ruhusa."

Jumanne, 24 Septemba

Nimempigia dada nikiwa stoo kazini, kati ya maboksi.

"Dada, nimeandika."

"Umeandika nini?"

"Ulichoniambia."

Nikasikia redio kwake, mtu anasoma bei za mazao. Nikaanza kusema kwamba hakuna aliyesoma, kwamba naweza kuifuta leo leo, kwamba — Simu ikakatika. Hakutupa simu. Aliikata taratibu, nadhani. Unaweza kujua.

Jumatano, 25 Septemba

Hakuna simu ya dada.

Mama Fremu kaniuliza kitabu kimefika wapi. Nimemwambia: nimemwibia mtu kitu, sasa nataka kumwuliza kama naweza kukitumia. Akafikiri. Akasema kwao wanasema mwizi akirudi kuomba ni mgeni mwenye njaa. Sijui kwao ni wapi wanakosema hivyo. Nadhani anatunga.

Nimeshika kipanya cha kompyuta kuifuta sura, mara mbili. Programu inauliza: una uhakika? Ningekuwa na uhakika nisingekuwa na viporo arobaini na nane.

Alhamisi, 26 Septemba

Saa nne asubuhi. Ujumbe. "Jumamosi nakuja kusoma. Usifute kitu."

Ijumaa, 27 Septemba

Nimempigia mhariri, nimemwambia tarehe thelathini sitafika. Nilitegemea akasirike. Akasema mwezi hauui kitabu, mwaka ndio unaua. Akauliza kuna nini. Nikamwambia kuna mtu lazima asome kwanza. "Nani, mtaalamu?" "Ndiyo," nikasema.

Nimefagia. Nimebadilisha mashuka ingawa halali hapa. Nimepanga viti viwili mbele ya meza ya kompyuta, nikaondoa kimoja, nikakirudisha, pembeni.

Jumamosi, 28 Septemba

Saa nne na robo. Amefika. Shemeji kamleta kwa gari, akapunga mkono dirishani na kusema, "Shemeji! Hatimaye!" — uso umejaa furaha, furaha ya kweli, ikanichoma. Kaenda kutengeneza tairi. Atarudi saa kumi na moja. Dada kamwambia anakuja kunitembelea tu. Na kweli ni kunitembelea.

Nimemwonyesha programu. Sura hizi kushoto, unashuka hivi. Akauliza hizi nyekundu ni nini. Nikamwambia ni mahali nisipojua. Akasema, "Mbona nyingi?" Nimemwonyesha jinsi ya kuchomeka chake akitaka. Kisha akaniambia toka, siwezi kusoma mtu akinipumulia shingoni.

Kwa hiyo niko jikoni na daftari hili. Mlango kati yetu uko wazi nusu. Namwona bega na kidole kimoja.

Saa tano. Kacheka! Sura ya pili au ya tatu.

Saa sita kasoro. Kaniita kwa sauti: "Mama hakuwa anapiga chapa kwa vidole kumi! Nane! Vidole gumba vilikuwa vinapumzika." Nikajibu kwa sauti kwamba kidole gumba cha kulia kilikuwa cha kubonyeza nafasi kati ya maneno. Tukabishana hivyo, kila mtu chumba chake, kama zamani. Kashinda yeye. Nasikia anabofya — anachomeka bendera. Anachomeka bendera kwenye kitabu changu!

Saa saba na nusu. Nimempelekea chai na mkate. Hakuinua macho. Yuko sura ya kumi na mbili. Kwenye orodha kulia nimeona: sitini na moja.

Saa nane na nusu. Nimeosha sufuria ambayo sikuipikia.

Saa tisa kasoro kidogo. Bega halitikisiki. Yuko kwenye kumi na tisa, lazima. Mashine ya friji inaunguruma, ikinyamaza nasikia anavyopumua.

Saa tisa na dakika ishirini. Amekuja jikoni. Amekunywa maji amesimama, glasi nzima, mgongo kwangu. Miwani kaishika mkononi. Nilisubiri. Akasema:

"Umeandika wiki kumi na sita. Ilikuwa kumi na tisa. Rekebisha."

Nikasema nitarekebisha.

"Na muuguzi hakuwa mzee. Alikuwa binti mdogo tu, analia kuliko mimi."

"Sawa."

Akageuka. Macho mekundu lakini makavu. "Yule mume wa kwenye kitabu. Anajua lini?"

"Bado. Sijaandika."

"Mpaka mwisho hajui?"

"Sijui, dada. Hiyo si yangu kuiandika."

Akavaa miwani, akanitazama kwa muda, namna mama alivyokuwa anatazama ukurasa kabla ya kuutoa kwenye mashine. Nilidhani atasema futa. Nilikuwa tayari, naapa. Ningefuta mbele yake, nisibaki na nakala hata moja.

Akasema, "Miaka tisa nimeishi nayo ikiwa haina maneno. Nikidhani ikipata maneno itaniua." Akaweka glasi mezani. "Haijaniua."

Halafu akarudi chumbani. Simsikii akisoma tena. Simsikii akifanya chochote.

Saa tisa na dakika arobaini na tano. Gari! Mapema hivi? Ni yeye. Nimechungulia dirishani — shemeji anashuka, anachechemea na goti lake, ana mfuko wa matunda mkononi. Tairi limewahi.

Nimekimbilia chumbani kufunga kompyuta. Sura ya kumi na tisa imejaa kioo chote. Dada akanishika mkono.

"Iache."

"Dada, yuko mlangoni."

"Nimemsikia. Iache. Mfungulie."

Nimerudi jikoni kuchukua ufunguo, uko hapa juu ya meza, karibu na daftari. Naandika nimesimama. Shemeji amebisha mara mbili, anaita jina langu kwa utani, anauliza kama tumekwisha kumsengenya. Namwona dada kupitia mlango. Amehama. Amekaa kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani, mgongo umenyooka. Kile cha mbele ya kompyuta amekivuta nyuma kidogo, kama unavyomvutia mtu kiti, na amekiacha wazi.

Anabisha tena. Naenda